Ratili 15 za Dick Tiger

Usiku wa tarehe 13 Septemba 2025, katika mji wa Las Vegas, Terence Crawford wa Omaha, Marekani, alimshinda kwa pointi Saul Alvarez wa Mexico, akaitwaa mikanda yote ya uzito wa ratili 168. Mwaka mmoja tu nyuma alikuwa akipigana katika uzito wa ratili 154, na siku ile ya ushindi alikuwa na umri wa miaka 37. Sifa alizopewa zilikuwa nyingi, naye alizistahili. Lakini wako waliozidisha, wakasema kwamba mtu wa umri huo kupanda uzito na kumnyang'anya mwenye nyumba funguo zake ni jambo ambalo halijapata kuonekana.

Limepata kuonekana. Lilionekana tarehe 16 Desemba 1966, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, na aliyelitenda alikuwa Mwafrika, naye siku hiyo alikuwa na miaka hiyo hiyo 37. Jina alilopewa na wazazi wake ni Richard Ihetu, mzaliwa wa Amaigbo katika nchi ya Waigbo, mashariki ya Nigeria. Ulimwengu ulimwita Dick Tiger. Twaona yafaa kumzungumza leo, si kwa sababu ya kushindana na sifa za Bwana Crawford, bali kwa kuwa safari yake ya kupanda uzito yaeleza mambo ambayo mikanda na taa za Las Vegas hazielezi: kwa nini mtu hupanda, hupanda kwa kitu gani, na ni nani alipaye gharama ya ngazi.

Kwanza yatupasa kusema habari ya mizani, maana wengi hushangilia masumbwi bila kuijua. Katika siku za Tiger uzito wa kati ulikoma kwenye ratili 160, yaani kilo 72 na nusu. Uzito uliofuata ulikoma kwenye ratili 175, kilo 79 na kidogo. Katikati hapakuwa na kitu. Aliyetaka kutoka chini kwenda juu alivuka ratili 15 kwa hatua moja, karibu kilo 7. Mchukuzi wa bandarini anajua maana ya kilo 7 zilizoongezwa juu ya gunia jioni, miguu ikiwa imekwisha kuchoka. Na mwanamasumbwi naye anajua maana ya kilo 7 nyuma ya ngumi ya mwenzake katika raundi ya 12. Huo uzito wa ratili 168 alioushinda Crawford haukuwako. Ulianzishwa mwaka 1984 na chama kimoja cha ngumi, na vyama vingine vikafuata. Hivi leo ziko ngazi 17 za uzito, na vyama vikubwa 4, kila kimoja na mkanda wake kwa kila ngazi. Mwenye kupenda hesabu na apige mwenyewe aone mabingwa wa dunia wanaweza kuwa wangapi kwa siku moja. Sisi hatuamini kwamba ngazi zote hizo zilijengwa kwa ajili ya kulinda afya ya wapiganaji.

Tena siku zile mpiganaji alipimwa asubuhi na kupigana usiku wa siku ile ile. Siku hizi hupimwa siku moja kabla, akiwa amejikausha maji mwilini kama kitambaa kilichokamuliwa, kisha hunywa na kula hata akapanda ulingoni akiwa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo ratili za zamani zilikuwa ratili za kweli. Tiger alipopimwa kwa ajili ya pambano lile la 1966 hakufika hata ratili 170. Alikuwa mtu asiye na uzito wake duniani: mwili wake ulikuwa ukiishi katika ile nafasi tupu kati ya 160 na 175, nafasi ambayo wenye mchezo waliijaza miaka 13 baada ya kifo chake.

Waliojaribu kabla yake hawakuwa watu wadogo. Sugar Ray Robinson, ambaye wengi humtaja kuwa ndiye mpiganaji bora kuliko wote waliopata kuvaa glavu, aliupanda uzito huo tarehe 25 Juni 1952 kupigana na Joey Maxim. Joto la New York usiku ule lilikuwa kali mno, hata mwamuzi Ruby Goldstein akashindwa kuendelea na kuondolewa, akaingizwa mwingine. Robinson alikuwa mbele kwa pointi. Baada ya raundi ya 13 hakuweza kuinuka kitini. Carl Olson, bingwa mwingine wa uzito wa kati, alijaribu mwaka 1955, na Archie Moore akamlaza katika raundi ya 3. Aliyepata kufaulu, akiwa amewahi kuwa bingwa wa uzito wa kati, alikuwa mmoja tu, Bob Fitzsimmons, mwaka 1903. Kutoka kwa Fitzsimmons hadi kwa Tiger ni miaka 63.

Sasa, mtu huyu alitoka wapi? Alitoka katika soko la Aba, alikokuwa akifanya biashara ndogo ndogo, pamoja na kuuza chupa tupu. Alianza kupigana kwa malipo mwaka 1952. Mwaka 1955 alikwenda Liverpool, ambako Hogan Bassey, Mnigeria mwenziwe wa Calabar, alikuwa ametangulia. Bassey huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa unyoya mwaka 1957. Tiger alifanya kazi ya kiwanda mchana na kupigana usiku. Mapambano yake 4 ya kwanza Uingereza alishindwa yote. Wenye uchumi wa ngumi humtafuta mtu kama huyo, Mwafrika mgeni mwenye nguvu na asiye na mtetezi, wapate kuwajengea sifa vijana wao. Mwezi Mei 1957 walimweka mbele ya kijana mmoja wa London aliyetarajiwa makubwa, Terry Downes. Wakaona kijana wao akitolewa ulingoni amechanika uso. Mwezi Machi 1958 Tiger alimpiga Pat McAteer na kuutwaa ubingwa wa Dola ya Kiingereza katika uzito wa kati. Mwaka 1959 alihamia Marekani.

Huko nako hakufunguliwa mlango. Alingoja hadi tarehe 23 Oktoba 1962, akiwa na miaka 33, ndipo alipopata kupigania ubingwa wa dunia na Gene Fullmer mjini San Francisco. Alishinda kwa pointi. Mwezi Februari 1963 walitoka sare. Kisha ikaja siku ambayo Mnigeria yeyote mwenye umri wa kuikumbuka hataisahau: tarehe 10 Agosti 1963, Liberty Stadium, Ibadan, pambano la kwanza la ubingwa wa dunia kupiganwa katika Afrika ya watu weusi. Fullmer hakurudi baada ya raundi ya 7. Ibadan ni mji wa Wayoruba, na aliyeshangiliwa ni Mwigbo. Tunaomba msomaji alihifadhi jambo hilo, kwa maana litatuhusu mbele.

Ubingwa aliupoteza kwa Joey Giardello mwezi Desemba mwaka ule ule, akakaa karibu miaka 2 bila ya kupewa nafasi ya kuudai, akaudai na kuurudisha Oktoba 1965. Tarehe 25 Aprili 1966 akaupoteza tena kwa Emile Griffith. Waandishi wengi waliokuwa ukumbini waliona kwamba Tiger ndiye aliyeshinda, lakini kalamu za waamuzi ziliona vingine. Na huyo Griffith alikuwa nani? Alikuwa bingwa wa uzito wa ratili 147 aliyepanda uzito ili kumfuata Tiger! Hivyo mtu aliyemfunza Tiger kwamba ngazi yaweza kupandwa ni yule yule aliyemfukuza kwenye ngazi yake.

Hapa ndipo tunapoachana na wale waandikao habari za ngumi kama kwamba ni hadithi za mashujaa tu. Husemwa kwamba Tiger alipanda uzito kwa uchu wa utukufu. Hatukatai kwamba alikuwa na fahari yake, maana mtu asiye na fahari hawezi kazi ile. Lakini tazama hali yake katika mwaka 1966. Alikuwa na miaka 36, hana mkanda, ana jamaa ya kulisha, na fedha zake nyingi ameziweka katika majengo nyumbani Nigeria. Katika uzito wa kati, njia ya kurudi ilipita mlangoni kwa Griffith, na Griffith hakuwa na haja ya haraka ya kumfungulia mtu ambaye alimshinda kwa shida. Katika uzito wa juu yake alikuwako José Torres wa Puerto Rico, bingwa tangu Machi 1965, aliyepata nishani ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya 1956, mpiganaji mwenye watazamaji tele wa kujaza Garden. Upande wa Torres ulimwona Tiger kuwa ni mzee, mfupi wa futi 5 na inchi 8, mwenye jina kubwa na uzito mdogo: ndiyo kusema, mtu wa faida na asiye wa hatari. Tiger naye alimwona Torres kuwa ni kazi. Mfanyakazi ambaye karakana yake imefungwa huenda kubisha hodi kwenye karakana ya jirani, hata kama mashine za huko ni kubwa kuliko alizozizoea.

Alipandaje? Jambo hili lastahili kuangaliwa na kila kijana wa ngumi, maana kosa la wengi wapandao uzito ni kula. Hujaza nyama ili walingane na wenyeji wa huko, nayo nyama mpya ni mzigo. Haipigi ngumi, inabebwa tu. Tiger hakutaka kulingana. Alipanda na mwili ule ule, akiacha kujinyima ratili chache za mwisho alizokuwa akizipunguza kwa taabu ili kufikia 160. Alichokipata si unene, bali nguvu ambayo zamani aliiacha kwenye mizani. Mtindo wake nao ulimfaa. Hakuwa mtu wa kurukaruka. Aliingia kwa hatua fupi, viwiko vimebana mbavu, akimsogelea mwenzake mpaka urefu wa mikono ya yule ukawa hauna kazi, ndipo akaitoa ngumi ya kushoto ya kuzungusha. Mrefu akisogelewa karibu huwa hana urefu. Torres alikuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 7 na mzito kuliko yeye, na kwa raundi 15 hakupata nafasi ya kuvitumia vyote viwili. Waamuzi wote walimpa Tiger. Tarehe 16 Mei 1967 walirudiana, na safari hii waamuzi waligawanyika, lakini Tiger akashinda tena. Washabiki wa Torres wakatupa chupa na viti ukumbini.

Tunapenda vijana wetu wa Dar es Salaam, Tanga, Nairobi na Kampala walione jambo hilo kwa ukamilifu wake. Wengi wao hupigiwa simu wiki chache kabla ya pambano la ng'ambo, kwa kuwa fulani ameumia na nafasi yake i wazi, nao hukubali kumkabili mtu wa uzito wa juu yao kwa malipo ambayo nyumbani huonekana makubwa. Huko si kupanda uzito. Huko ni kukodishwa. Tiger alipanda kwa wakati aliouchagua, kwa mtu aliyempima, akiwa na meneja aliyemwamini na miezi ya mazoezi nyuma yake. Tofauti ya mambo haya mawili haionekani katika bango la pambano, lakini huonekana katika uso wa kijana miaka 10 baadaye.

Siku 14 baada ya pambano la pili na Torres, yaani tarehe 30 Mei 1967, Biafra ilijitangaza kuwa nchi, na mwezi Julai vita vikaanza. Mauaji ya Waigbo kaskazini ya Nigeria katika mwaka 1966 yalikuwa yametangulia. Tiger, ambaye Ibadan ilimbeba mabegani mwaka 1963, sasa alikuwa mtu wa upande mmoja wa risasi. Hakunyamaza. Aliingia katika jeshi la Biafra, akapewa cheo cha luteni, kazi yake ikiwa ni kuwafundisha askari mazoezi ya mwili na kuwatia moyo. Kisha alitoka kwenda Marekani kupigana ngumi na kurudi. Tarehe 17 Novemba 1967 alimpiga Roger Rouse mjini Las Vegas, pambano likasimamishwa katika raundi ya 12. Kila dola aliyoipata sasa ilikuwa na kazi nyingine. Majengo yake yalikuwa katika nchi iliyogawanyika, mengine upande asioweza kufika.

Tanzania haikuwa mtazamaji katika jambo hilo. Tarehe 13 Aprili 1968 Serikali yetu ilikuwa ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Gabon, Ivory Coast na Zambia zilifuata mwezi Mei. Mwalimu Nyerere alieleza wakati ule kwamba umoja wa nchi hudumu kwa ridhaa ya watu wake, na kwamba watu wanaouawa hawawezi kuambiwa wabaki kwa ajili ya ramani. Wako waliompinga kwa nguvu katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika, nao walikuwa na hoja yao: nchi gani ya Afrika haina kabila la kuweza kujitenga? Ubishi huo haujesha hata leo, wala hatutaumaliza katika ukurasa wa ngumi. Tunalosema ni kwamba katika majuma yale, bingwa wa dunia wa uzito wa ratili 175 alikuwa raia wa nchi iliyotambuliwa na dola chache tu, na ya kwanza katika hizo ilikuwa yetu.

Siku 41 baada ya tangazo la Dar es Salaam alikutana na Bob Foster.

Foster alikuwa na futi 6 na inchi 3. Mabingwa na wenye kutaka ubingwa walikuwa wamemkwepa kwa miaka, na haikuwa kwa woga wa bure. Tiger alikuwa na miaka 38 na alihitaji fedha kuliko alivyopata kuzihitaji wakati wowote. Upande wa Foster ulitoa fedha nyingi ili kumleta ulingoni. Tarehe 24 Mei 1968, katika Garden, hesabu ya mizani ilidai deni lake. Ile mbinu ya kumsogelea mrefu ina sharti moja: uvuke kwanza ile hatua ambamo yeye akufikia nawe humfikii. Kwa Torres hatua hiyo ilikuwa fupi. Kwa Foster ilikuwa ndefu kama ua wa nyumba, na Tiger hakuwahi kuvuka. Katika raundi ya 4 ngumi ya kushoto ilimkuta, akahesabiwa hadi 10. Katika mapambano yake zaidi ya 80, hiyo ndiyo mara pekee aliyolazwa hivyo.

Haitupasi kumcheka, kwa sababu ngazi haimpendelei mtu. Foster mwenyewe, mwamba wa uzito wake, alipojaribu kupanda kwa wanaume wa uzito mkubwa aliangushwa na Joe Frazier katika raundi ya 2 mwaka 1970, na Muhammad Ali katika raundi ya 8 mwaka 1972. Zile ratili zilizomlemea Tiger zilimlemea yeye ngazi moja juu.

Wengi walidhani mzee amekwisha. Mwezi Septemba 1968 majeshi ya Serikali ya Nigeria yaliuteka Aba, mji wake. Mwezi Oktoba aliingia ulingoni na Frank DePaula, kijana mwenye ngumi nzito. Tiger akaanguka mara 2, DePaula naye akaanguka mara 2, na mwisho wake Tiger akapewa ushindi. Gazeti la The Ring liliita hilo pambano la mwaka. Tarehe 26 Mei 1969 alimshinda Nino Benvenuti wa Italia, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa bingwa wa uzito wa kati. Mkanda wa Benvenuti haukuwekwa rehani siku hiyo. Wenye mikanda wanajua lini pa kuiacha nyumbani.

Liko jambo moja ambalo kwa maoni yetu lilihitaji moyo kuliko yote hayo. Mwaka 1963, alipokuwa kipenzi cha kila mtu, Waingereza walimpa nishani ya MBE. Vita vilipoendelea, Uingereza ikawa inaipa silaha Serikali ya Lagos huku watoto wa Biafra wakifa kwa njaa. Mwezi Desemba 1969 Tiger aliifunga nishani hiyo na kuirudisha kwa ubalozi wa Uingereza mjini Washington. Mwanamuziki John Lennon alikuwa amerudisha ya kwake mwezi mmoja kabla, na magazeti ya dunia yalijaa habari zake. Lennon alikuwa na mali isiyohesabika na nchi ya kurudi. Tiger alikuwa na miaka 40, fedha zake nyingi zimekwenda na vita, na nchi yake ilikuwa na majuma machache tu ya kuishi: Biafra ilisalimu amri tarehe 15 Januari 1970.

Pambano lake la mwisho lilikuwa Julai 1970, na aliyekuwa mbele yake ni yule yule Emile Griffith. Alishindwa kwa pointi. Baada ya hapo bingwa wa dunia wa uzito wa namna mbili, aliyechaguliwa mpiganaji bora wa mwaka katika 1962 na tena 1965, alivaa sare ya mlinzi katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Hatuoni aibu katika kazi ya ulinzi, na yeye hakuiona. Twauliza tu zile fedha za malango ya Madison Square Garden, miaka yote ile, zililala katika nyumba ya nani, maana mchezo ule haukuwa na akiba ya uzeeni wala chama cha wafanyakazi cha kumdaia.

Mwaka 1971 madaktari walimwona ana kansa ya ini. Serikali ya Nigeria ilimruhusu kurudi nyumbani, nalo ni jambo la kuitajia wema Serikali hiyo, kwa kuwa vita vilikuwa bado vibichi. Alifariki mjini Aba tarehe 14 Desemba 1971, akiwa na miaka 42. Zilikuwa zimesalia siku 2 kutimia miaka 5 tangu usiku wa Torres.